Mchango Ukiletwa na Mkubwa: Dhamiri Inasema Nini, Jamii Inasema Nini?



Safari hii tunataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wanalijua lakini wachache wanalisema.

Katika kutembelea vikundi, kuna swali moja linaturudia mara kwa mara. Haliulizwi mkutanoni. Linaulizwa pembeni, mkutano ukishafungwa na watu wakinywa chai. Mtu anakuja polepole, anasema: "Zile pesa mheshimiwa alileta, mimi roho yangu haikukubali. Lakini ningesemaje mbele ya watu?"

Swali hili si dogo. Ndani yake kuna vitu viwili vinavyovutana: kile ambacho mtu mwenyewe anaona ni haki, na kile ambacho jamii nzima imekubali kuwa ni sawa. Hebu tuvitazame kimoja kimoja.

DHAMIRI NA MAADILI YA JAMII

Kila mtu ana sauti ndani yake inayomwambia: hili fanya, hili acha. Sauti hiyo tunaiita dhamiri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 iitwayo Gaudium et Spes, ulifundisha kwamba dhamiri ni mahali pa ndani kabisa pa mtu, ambapo yuko peke yake na Mungu. Kwa hiyo si jambo la kuchezea.

Tena kila jamii ina mambo ambayo imekubaliana kuwa ndiyo mwenendo mwema. Kwetu mtoto humsalimu mzee kwa heshima. Mgeni hapiti nyumbani bila kupewa kitu. Jirani akifiwa, watu wanachanga. Hayo ndiyo maadili ya jamii. Hakuna aliyeyaandika, lakini ukiyavunja utajua, maana watu watanyamaza unapoingia.

Mara nyingi hivi viwili hutembea pamoja kama ng'ombe wawili wa plau. Shida huanza mmoja anapovuta huku na mwingine kule.

Tusidharau upande wowote. Jamii inabeba hekima ya watu wengi na ya miaka mingi. Lakini jamii inaweza pia kuzoea jambo baya mpaka likaonekana la kawaida. Dhamiri ya mtu mmoja inaweza kuona kile ambacho wengi wamezoea. Lakini nayo inaweza kukosea, kwa sababu wakati mwingine tunaita dhamiri kitu ambacho kwa kweli ni hasira, au wivu, au ushabiki wa chama.

HARAMBEE ILIVYOANZA NA ILIVYOGEUKA

Kusaidiana hatukufundishwa na serikali. Hata kabla ya wakoloni, watu wa kokwet moja walisaidiana kulima, kujenga na kuamua kesi zao. Mzee Jomo Kenyatta alipotoa wito wa Harambee mwaka 1963, aliipa jina la kitaifa kazi ambayo watu walikuwa wakiifanya tayari. Kwa njia hiyo zilijengwa shule nyingi zilizoitwa shule za harambee, pamoja na zahanati na miradi ya maji. Aliyekuwa na shilingi alitoa shilingi, aliyekuwa na kuku alitoa kuku, na asiyekuwa na kitu alibeba mawe.

Lakini polepole jambo likageuka. Mgeni wa heshima alianza kuwa mkubwa kuliko mchango wa wenyeji. Watu waliacha kuuliza, "Sisi tumetoa nini?" wakaanza kuuliza, "Mheshimiwa ataleta ngapi?" Wakati mwingine hata michango ililazimishwa, na aliyehitaji huduma katika ofisi akaonyeshwa kwanza kadi ya harambee. Hapo kusaidiana kukawa kodi isiyo na sheria.

Sheria nayo ilijaribu kurekebisha. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilimkataza afisa wa umma kutumia cheo chake kukusanya michango ya harambee. Tarehe 5 Julai 2024, baada ya maandamano makubwa ya vijana, Rais William Ruto mwenyewe alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee. Lakini desturi ni mti wenye mizizi mirefu. Kuukata kwa tangazo si rahisi.

YALIYOTOKEA KAHAWA WEST

Hatukukaa miezi mingi. Jumapili, tarehe 17 Novemba 2024, Rais alihudhuria Misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kahawa West, Nairobi. Alitoa shilingi 600,000 kwa ajili ya kwaya na kikundi cha watoto, na shilingi milioni 2 za kujenga nyumba ya padre. Akaahidi kuongeza milioni 3.

Kesho yake Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alitoa tamko kwamba pesa hizo zirudishwe na ile ahadi isipokelewe. Sababu aliyotoa ni kwamba Kanisa lazima libaki huru na lisigeuzwe kuwa jukwaa la siasa. Pia alikumbusha kwamba maaskofu wa Kenya walikuwa wameshatoa maagizo juu ya michango ya namna hii.

Wengi wenu mnamkumbuka Askofu Anyolo. Ndiye aliyekuwa askofu wa kwanza wa Jimbo letu la Kericho lilipoundwa mwaka 1995, akawa nasi mpaka 2003. Na Rais naye ni mtu wa jamii yetu. Ndiyo sababu hapa kwetu jambo lile liliingia mpaka jikoni. Wapo waliofurahi, wakasema Kanisa limesimama. Wapo walioumia, wakasema, "Mgeni akikuletea kitu, unamrudishia mbele ya dunia nzima? Hiyo si tabia yetu."

Tafadhali muone kwamba pande zote mbili zilikuwa zinazungumza habari ya wema. Mmoja alisema ni vema kubaki huru. Mwingine alisema ni vema kumheshimu mgeni. Ugumu wenyewe uko hapo. Mara nyingi mvutano hauwi kati ya mtu mwema na mtu mbaya. Ni mambo mawili mema, na huwezi kuyashika yote kwa mkono mmoja.

TUCHUKUE MFANO WA KIKUNDI

Kanisa kubwa linaweza kurudisha mamilioni na bado likajenga nyumba ya padre. Je, kikundi kidogo cha kijijini?

Tuseme kuna kikundi cha akina mama 25. Kila mmoja anatoa shilingi 100 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 2,500 kwa wiki, na kwa mwaka mzima ni 130,000. Wanataka kununua hema na viti vya kukodisha kwa sherehe na matanga. Siku moja anakuja kijana aliyetumwa na mwanasiasa. Anasema mheshimiwa atatoa shilingi 200,000, ila akina mama wavae leso za rangi moja wafike kwenye mkutano wake Jumamosi.

Pesa hizo ni zaidi ya akiba yao ya mwaka mmoja na nusu. Mweka hazina anasikia uzito moyoni. Lakini akitazama nyuso za wenzake, anaona furaha. Atasema nini?

Akinyanyua mkono, atajibiwa kwa maneno manne ambayo sote tunayajua. Tuyapime moja moja.

La kwanza: "Kukataa ni kukosa adabu." Ni kweli kwamba mgeni lazima aheshimiwe. Lakini heshima ni ya mtu, si ya bahasha. Kikundi kinaweza kumkaribisha mheshimiwa, kumpa kiti na chai, kumsikiliza, halafu mwenyekiti akasema: "Tunashukuru kwa moyo wako. Kikundi chetu kina kanuni kwamba hatupokei pesa zinazoambatana na siasa. Ukitaka kutusaidia, tusaidie barabara hii ipitike, hata majani yetu yafike kiwandani kabla hayajaharibika." Hapo hakuna aliyetukanwa.

La pili: "Vikundi vingine vyote vinapokea." Kufanywa na wengi hakugeuzi jambo kuwa la haki. Sisi wenyewe katika nchi hii ya majani chai tumekubali neno "chai" liwe jina la hongo. Tumelitamka mpaka halitushtui tena. Lakini Sheria ya Kupambana na Hongo ya mwaka 2016 haisemi chai. Inasema hongo, na inamshika anayetoa pamoja na anayepokea.

La tatu: "Hizo ni pesa zetu za kodi, tunarudishiwa tu." Hili ndilo neno lenye nguvu kuliko yote, kwa hiyo tulijibu kwa hesabu. Mwaka 2023 tume ya mishahara, SRC, ilipanga mshahara wa mbunge kuwa shilingi 725,502 kwa mwezi kabla ya kukatwa kodi. Sasa, mtu wa mshahara kama huo akitoa shilingi 500,000 kila Jumapili, kwa Jumapili nne ametoa milioni 2. Hiyo inakaribia mara tatu ya mshahara wake, na hajala wala hajalipa karo. Labda ana biashara, labda ana marafiki. Hatumhukumu mtu. Lakini mwanakikundi ana haki ya kuuliza, "Zimetoka wapi?" Na kama kweli ni pesa zetu za kodi, basi tusiziombe kwa magoti. Tuziulizie kwenye mlango wake: mikutano ya bajeti ya kaunti, kamati ya mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, Mfuko wa Wanawake ulioanzishwa mwaka 2007, au mfuko wa Uwezo. Huko unajaza fomu, na hakuna anayekudai leso.

La nne: "Tule chake, kura tutapiga tupendavyo." Wengi wanaona huu ni ujanja. Lakini kwanza, Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamhesabu mpiga kura anayepokea hongo kuwa mkosaji pamoja na mtoaji. Pili, tunafundisha watoto nini? Tunawafundisha kwamba ahadi inaweza kuuzwa na tena isitimizwe. Mtoto huyo ndiye kesho atakuwa mweka hazina wetu.

GHARAMA YA KUSIMAMA PEKE YAKO

Tusidanganyane kwamba kufuata dhamiri ni rahisi, kwamba ukifanya haki basi watu watakupigia makofi. Historia ya nchi yetu inaonyesha mambo mengine.

Mnamo mwaka 1992 kulikuwa na karani kijana katika Benki Kuu ya Kenya, David Munyakei. Aliona karatasi za malipo makubwa kwa kampuni ya Goldenberg, malipo ambayo yalidaiwa kuwa ya dhahabu na almasi zilizouzwa nje. Desturi ya ofisi ilikuwa moja: fanya kazi yako, nyamaza. Yeye hakuweza kunyamaza. Alihakikisha karatasi hizo zinawafikia wabunge wa upinzani, na Bunge likaanza kuuliza maswali. Mwaka 1993 alikamatwa. Kesi haikumfunga, lakini kazi aliipoteza na hakurudishwa. Alikuja kupewa heshima kwa ujasiri wake baadaye, mwaka 2004. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini.

Tunamtaja si kwa kuwatisha bali kwa kuwa ukweli ni heri. Mtu mmoja akisimama peke yake anaweza kuvunjika hata kama yeye ndiye mwenye haki. Kwa hiyo si vema jamii imwachie mtu mmoja mzigo wote. Mweka hazina wetu wa mfano akinyamaza, tusiharakishe kumwita mwoga. Tujiulize kama kikundi kimempa nafasi ya kusema.

Tena tusimhukumu mwenye shida. Mama ambaye mtoto wake amezuiliwa hospitali kwa sababu ya deni, akichangiwa na mwanasiasa, hatuwezi kumwambia akatae. Kuokoa uhai ni jambo moja. Kununua viti ni jambo lingine. Dhamiri njema inajua tofauti.

NITAJUAJE KAMA NI DHAMIRI?

Tumesema kwamba dhamiri inaweza kukosea. Basi, kabla ya kunyanyua mkono, mtu ajiulize maswali matatu.

1. Je, ningekataa hata kama anayeleta ni wa ukoo wangu au wa chama changu? Kama jibu ni hapana, hiyo si dhamiri, ni siasa.

2. Je, ninaweza kusema sababu yangu mbele ya watu wote? Dhamiri haiogopi kuulizwa. Chuki ndiyo hupenda kunong'ona.

3. Je, niko tayari kulipa gharama mwenyewe? Tukikataa 200,000, mimi nitaongeza mchango wangu wa wiki, au nataka tu wenzangu wakose? Anayekataa kwa niaba ya wengine lazima awe wa kwanza kutoa.

Swali hili la tatu ndilo gumu zaidi. Mwenye shamba kubwa la chai, anayesubiri bonasi nzuri, anaweza kukataa bila kuumia. Mjane mwenye robo ekari hawezi. Kwa hiyo mwenye nafasi asitumie dhamiri yake kumfungia mwenzake njia, bila kumfungulia nyingine.

KANUNI KABLA YA PESA

Basi tufanye nini? Kwa maoni yetu, kosa kubwa la vikundi ni kungoja mpaka bahasha iko mezani ndipo waanze kufikiri. Pesa zikiwa mezani, akili hukaa chini. Zungumzeni mapema, wakati hakuna aliyeahidi kitu.

Sheria ya Kusajili Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kila kikundi kiwe na katiba. Tumieni katiba hiyo. Ongezeni kifungu juu ya zawadi. Tunapendekeza mambo haya:

- Zawadi yoyote ipelekwe kwenye akaunti ya kikundi, itolewe risiti, na iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Asiyetaka jina lake liandikwe, arudi na zawadi yake.

- Zawadi yenye sharti la kuhudhuria mkutano wa siasa, kuvaa rangi fulani au kumwimbia mtu isipokelewe.

- Zawadi isipokelewe siku ile ile iliyoletwa. Kikundi kijipe angalau wiki moja ya kuzungumza.

- Uamuzi ufanywe kwa kura ya siri. Hata punje za mahindi na maharagwe kwenye kibuyu zinatosha: hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Kwa njia hii hata mkwe anaweza kutofautiana na mama mkwe bila kuharibu nyumba.

- Mwanachama aliyeshindwa kwa kura asitukanwe wala asinyimwe zamu yake ya kupokea pesa za mzunguko. Maoni yake yaandikwe.

Hili la mwisho si jambo geni. Katika kokwet ya zamani kila mzee aliyehudhuria aliweza kusema, na shauri halikukatwa kwa haraka. Watu walizungumza mpaka wakaelewana, na aliyepinga alisikilizwa. Kumbe desturi yetu yenyewe ilijua kwamba mmoja anayepinga anaweza kuwa anaona kitu ambacho wengine hawajakiona. Basi anayemnyamazisha mwenzake kwa kusema "usivunje desturi" ndiye anayeivunja.

Kikundi chenye kanuni hakimwachi mweka hazina peke yake. Yeye hahitaji tena kuwa shujaa. Anasoma kifungu tu. Na mheshimiwa naye hapati aibu, kwa sababu anajua hakukataliwa yeye. Kila mtu angejibiwa hivyo hivyo.

Na viti je? Huenda vikachelewa mwaka mmoja. Lakini vitakapofika, akina mama wale 25 watavikodisha kwa sherehe za watu wote, wa chama hiki na wa chama kile, na hakuna atakayekuja kuwaambia, "Kumbukeni ni nani aliyewapa."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kumbukeni harambee moja iliyofanyika karibu nasi. Wenyeji walitoa nini, na wageni walitoa nini? Mradi huo uko wapi leo?

2. Je, kuna jambo ambalo kikundi chetu kimelizoea, lakini baadhi yetu mioyo haikubali? (Asiyetaka kusema kwa mdomo aandike kwenye karatasi bila jina.)

3. Mwanachama akisema hapana peke yake, sisi humfanyia nini?

4. Katika mfano wa akina mama 25, ninyi mngeamua vipi? Ni nani angeumia kwa uamuzi huo, na mngemsaidiaje?

5. Katiba yetu inasema nini juu ya zawadi? Kama haisemi kitu, ni nani ataandika kifungu hicho, na atakileta mkutano gani?

Msikimbilie kumaliza maswali yote kwa siku moja. Swali moja likijadiliwa vizuri linatosha kwa mkutano mmoja. Mungu awabariki katika kazi zenu.